Mbili

Mbili ni namba asilia inayofuata moja na kutangulia tatu. Kwa kawaida huandikwa 2, lakini II kwa namba za Kiroma na ٢ kwa tarakimu za Kiarabu. Ndiyo inayotenga namba zote kamili katika makundi mawili: shufwa na witiri. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara (Tanzania), mgawanyo huo umeingia pia katika kalenda ya tohara na ukeketaji.

Sifa za kihesabu

2 ni namba tasa ya kwanza, kwa kuwa vigawo vyake ni 1 na 2 tu. Tena ni namba tasa pekee iliyo shufwa: kila namba shufwa nyingine kubwa kuliko hiyo, kama 4, 6 au 2024, hugawanyika kwa 2 na kwa hiyo si tasa. Kuijumlisha 2 na yenyewe au kuizidisha kwa yenyewe huleta jibu lilelile, yaani 4. Mbali na 0, hakuna namba nyingine yenye sifa hiyo.

Kujua kama namba inagawanyika kwa 2, inatosha kutazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, namba hiyo hugawanyika bila baki. Sababu ni kwamba 10 hugawanyika kwa 2, hivyo makumi yote hugawanyika pia. Kwa mfano, 2022 = 202 × 10 + 2; tarakimu ya mwisho ndiyo inayoamua.

Mwaka mrefu huwa shufwa daima, kwa sababu lazima ugawanyike kwa 4. Lakini si kila mwaka shufwa ni mrefu: 2022 ulikuwa na siku 365.

Miaka inayogawanyika kwa mbili

Miongoni mwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, misimu ya tohara ya wavulana na ukeketaji wa wasichana imezoeleka kufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2020 na 2022, hasa mwezi Desemba shule zikiwa zimefungwa. Wazee wa mila wa kila ukoo ndio wanaotangaza msimu.

Kwa kuwa namba shufwa na witiri hupokezana, miaka yoyote 8 mfululizo ina miaka 4 shufwa. Basi msichana, tangu mwaka anaotimiza umri wa miaka 10 hadi ule anaotimiza 17, hupitia misimu 4 ya namna hiyo. Mwaka shufwa unapokaribia, walimu, polisi na nyumba salama, kama zile za Masanga (Tarime) na Mugumu (Serengeti), hujiandaa kupokea wasichana wanaokimbia.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kutoka asilimia 32 katika utafiti wa 2015–16.

Tangu 1998 sheria ya Tanzania inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Sheria hiyo haitofautishi mwaka shufwa na mwaka witiri.