Tunisia Machoni pa Wasafiri: Watu, Magofu na Kipimo cha Mgeni

Tunisia ni nchi ya pwani ya Afrika Kaskazini iliyo mahali ambapo Bahari ya Kati hubanwa kati ya Afrika na kisiwa cha Sicily, na kwa sababu hiyo imepitiwa kwa karne nyingi na mahujaji, wafanyabiashara, mateka na wanazuoni, ambao baadhi yao waliandika yale waliyoyaona. Maandishi hayo yakisomwa kwa pamoja, hudhihirika kwamba tofauti kubwa kati ya wasafiri hao imo katika kipimo walichotumia: wale wa Maghreb na Andalusia waliupima mji kwa watu wake, ilhali wengi wa wale waliotoka Ulaya kuanzia karne ya 18 waliipima nchi kwa magofu yake.

Kundi la kwanza liliandika rihla, yaani masimulizi ya safari ya kuhiji na kutafuta elimu, ambamo mwandishi hueleza mashekhe aliowakuta na madarasa aliyohudhuria. Al-Abdari, aliyeanza safari yake kusini mwa Morocco mwaka 1289, anajulikana kwa ukali wa kalamu yake, kwani aliilaumu miji mingi aliyoipitia, ukiwemo Cairo, lakini Tunis aliusifu kwa wingi wa wanazuoni na kwa adabu ya wenyeji.

Ibn Battuta, ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa sababu alifika Kilwa mnamo mwaka 1331, aliingia Tunis mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, mgonjwa wa homa kiasi cha kujifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri wenzake na kuwaamkia, ila yeye hakusalimiwa na yeyote kwa kuwa hakuna aliyemjua, naye akalia, mpaka mmoja wa mahujaji alipotambua huzuni yake akamkaribia na kumliwaza. Baadaye alipewa makazi katika Madrasa ya Wauza Vitabu, akaswali Idi mjini humo, na alipoondoka alikuwa amechaguliwa kuwa kadhi wa msafara wa mahujaji. Katika simulizi hilo mji hupata sura yake kutokana na namna unavyompokea mgeni.

Kipimo hicho hicho kinaonekana kwa al-Hasan al-Wazzan, aliyezaliwa Granada na kukulia Fez, ambaye alitekwa na maharamia wa Kikristo mwaka 1518, akapelekwa Roma, akabatizwa na kujulikana huko kama Leo Africanus. Kitabu chake kuhusu Afrika, kilichochapwa Venice mwaka 1550, kinawataja wafumaji wa Tunis ambao vitambaa vyao vya kitani vilipata bei nzuri katika masoko ya Afrika, na kinaeleza jinsi wanawake walivyosokota uzi wakiwa juu, wakikiachia kijiti cha kusokotea kishuke hadi chini ili uzito wake uufanye uzi ukazike na kulingana.

Kuanzia karne ya 18 mwelekeo ulibadilika. Thomas Shaw, kasisi wa Kiingereza aliyehudumu Algiers, alichapisha mwaka 1738 kitabu ambamo alijitahidi kulinganisha majina ya mahali ya wakati wake na yale ya waandishi wa Kirumi. Chateaubriand, mwandishi wa Kifaransa aliyekuwa Tunis mwaka 1807, alitumia kurasa nyingi kusimulia historia ya Carthage, mji wa kale ulioangamizwa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo. Flaubert, mwandishi mwingine wa Kifaransa, naye alikwenda mwaka 1858 kuyakagua mazingira ya riwaya yake kuhusu Carthage, na aliporejea Ufaransa aliiandika upya. Wasafiri hao walikuwa na elimu kubwa, lakini elimu hiyo ilihusu zaidi waliokufa kuliko watu waliokuwa wakiishi mbele yao. Na mazoea ya kuiona nchi kama urithi wa Roma yaliwafaa sana watetezi wa utawala wa Ufaransa, ulioifanya Tunisia himaya yake mwaka 1881.

Hata hivyo, mgawanyo huo wa zamani iliyokufa na sasa iliyo hai haukubaliani na ushahidi wa majengo yenyewe. Nguzo zinazobeba paa la msikiti wa Zaytuna mjini Tunis, kama zile za msikiti mkuu wa Kairouan, zilichukuliwa kwenye majengo ya kale, ndiyo maana vichwa vyake vya mawe vilivyochongwa havifanani. Mzungu aliyeitafuta Carthage katika vifusi hakuruhusiwa kuingia Zaytuna, kwa hiyo hakuona kwamba mawe ya kale yalikuwa bado yanafanya kazi, na kwamba wanafunzi walikuwa wakisoma katikati yake. Mtafiti anayeyatumia maandishi ya wasafiri hana budi, basi, kuuliza kwanza mwandishi alipokewa na nani na alikuja akitafuta nini, kwa sababu majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoonyesha ni sehemu gani ya Tunisia iliyoingia kitabuni na ni ipi iliyoachwa nje.