Sikukuu Mbinga na Nyasa: Mapishi matatu rahisi yasiyomaliza pesa ya Januari

Wiki ya Krismasi, nyumba nyingi za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa hujaa. Walioko mjini wanarudi, wajukuu wanaletwa kwa bibi, na sufuria ya watu wanne inatakiwa ilishe kumi.

Shida inakuja Januari. Pesa iliyoishia kwenye mchele na nyama ndiyo hiyohiyo inayotafutwa kununua sare na madaftari.

Lakini chakula cha sikukuu kipo hapahapa: dagaa kutoka ziwani, maharage ya kwenye ngoro za Umatengo, na kimea cha ulezi. Vipimo vifuatavyo ni vya watu 8 hadi 10. Kikombe ni cha chai, kijiko ni kikubwa.

1. Togwa (anza siku moja kabla)

Mahitaji: unga wa mahindi nusu kilo, maji lita 5, unga wa kimea cha ulezi vijiko 8.

Koroga unga kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, pika uji kwa dakika 20. Epua, uache upoe mpaka uwe vuguvugu.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Kimea kikiingia kwenye uji wa moto sana, nguvu yake inakufa na togwa haitalainika. Ukiweza kushika sufuria kwa mkono bila kuungua, weka kimea na ukoroge. Baada ya muda utaona uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu.

Funika, acha usiku kucha. Asubuhi inakuwa na uchachu mzuri. Ukiweka kwenye dumu, lioshe vizuri na usikaze kifuniko, maana togwa inatoa gesi.

2. Maharage ya karanga

Mahitaji: maharage kilo 1, vitunguu 2, nyanya 4, karanga zilizokaangwa na kusagwa kikombe 1, mafuta vijiko 3, chumvi.

Loweka maharage usiku. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kisha punguza moto mpaka yaive. Usile maharage ambayo hayajaiva vizuri, yanaweza kukuumiza tumbo.

Kama unapika Mbinga mjini, anza mapema kuliko ndugu yako wa Mbamba Bay. Kwenye miinuko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo maharage yanachukua muda mrefu zaidi. Nyanya nazo zisiingie mapema, kwa sababu ugwadu wake unachelewesha maharage kulainika.

Yakiiva, kaanga vitunguu na nyanya pembeni, changanya na maharage, kisha weka karanga zilizokorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Acha dakika 10 kwa moto mdogo huku unakoroga, karanga zinashika chini haraka.

3. Dagaa wa Nyasa wa kukaanga

Mahitaji: dagaa wakavu nusu kilo, vitunguu 3, nyanya 4, pilipili hoho 1, limao 1, mafuta nusu kikombe, chumvi.

Toa vichwa, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au zaidi. Dagaa wengi huanikwa mchangani, na mgeni akitafuna mchanga hatasahau. Chuja, waache wakauke.

Kaanga dagaa mpaka wawe wakavu, watoe. Kwenye mafuta yaliyobaki kaanga vitunguu, hoho na nyanya, rudisha dagaa, kamulia limao, geuza dakika 5. Basi. Familia iliyopata mbasa au magege inaweza kutumia rosti hiyohiyo.

Vyote hivi vinaliwa na ugali, wa mahindi au wa muhogo. Mchele ukiwepo, pika kidogo kwa ajili ya watoto.

Chunga karanga

Karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zitupe. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Usizichanganye na nzima ili kubana matumizi.

Ratiba ya kutokimbizana

- Mchana wa tarehe 24: pika togwa.
- Usiku: loweka maharage, chambua dagaa.
- Alfajiri ya tarehe 25: maharage motoni. Wote wakienda kanisani, abaki mmoja kuangalia moto.
- Mkirudi: unga maharage, kaanga dagaa, songa ugali mwishoni.

Andika kipimo cha bibi

Mapishi mengi ya huku hayapo kwenye kitabu. Yapo kwenye kiganja cha bibi anayepima kwa macho, na mjukuu akirudi mjini anabaki kupiga simu kuuliza chumvi kiasi gani.

Sikukuu ndiyo siku ya kumaliza hilo. Bibi akishika unga kiganjani, mwombe aumimine kwanza kwenye kikombe, kisha andika kwenye simu. Mwakani anaweza kukaa akapikiwa.