Kura kabla ya kura: wazee, magavana na miaka sitini ya Kaskazini Mashariki

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utawakuta magavana wawili wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya wakifunga virago. Nathif Jama wa Garissa na Ahmed Abdullahi wa Wajir walichaguliwa 2013, wakaangushwa 2017, wakarudi 2022. Katiba inampa gavana mihula miwili, hata kama haikufuatana. Viti hivyo viwili vitakuwa wazi, na kila anayevitamani anajua mlango wa kubisha kwanza: wa baraza la wazee wa ukoo.

Marekani, kwa miaka mingi, mlango huo ulikuwa wa gazeti: mgombea ugavana alihangaika kupata tahariri ya gazeti la jimbo inayosema apewe kura, pamoja na sababu zake. Hata huko mazoea hayo yanafifia. Mwaka 2022 magazeti ya kampuni ya Alden Global Capital yalitangaza kuwa hayatamuunga mkono tena mgombea yeyote wa urais, ugavana au useneta. Magazeti makubwa ya Kenya hayana desturi ya kumtaja mgombea ugavana na kumwombea kura. Katika kaunti tatu za Kaskazini Mashariki, Garissa, Wajir na Mandera, kazi hiyo imebaki mikononi mwa wazee, na neno lao lina uzito ambao mhariri yeyote angeuonea wivu.

Desturi ya koo kutoa kauli moja kwa vinywa vya wachache ni ya zamani. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, ilizunguka iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikisikiliza mabaraza na wajumbe wa jamii. Wasomali walisema kwa sauti moja kuwa wanataka kuungana na Somalia. Uingereza ikasikia, kisha ikaamua vingine. Wasomali wakasusia uchaguzi wa 1963, na mwisho wa mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa. Vita vya shifta, mauaji ya Bulla Karatasi mwaka 1980, mauaji ya Wagalla Februari 1984: hayo yameandikwa na yataendelea kuandikwa. Sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991.

Mfumo wa mabaraza tunaouona leo, hata hivyo, ulipikwa Wajir, na waliowasha moto ni wanawake. Jambo hili husahaulika kila msimu wa siasa, kwa hiyo tulisimulie polepole.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ushindani wa viti uliukuta mji wenye ukame, silaha zilizovuka mpaka kutoka Somalia iliyosambaratika, na visasi vya maji na malisho. Koo za Degodia, Ajuran na Ogaden zikaanza kuuana. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa wanawake walioongoza juhudi za amani, alieleza mara nyingi jinsi mambo yalivyoanza. Wanawake wachache walikutana harusini, wakaanza kuulizana watakaa hivi mpaka lini. Kisha wakaenda sokoni.

Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika kama mji wenyewe. Mama mwenye maziwa ya ngamia wa ukoo huu hakuweza kumuuzia wa ukoo ule, na aliyethubutu alijitafutia balaa. Wanawake wakaweka waangalizi wao miongoni mwa wachuuzi. Sharti likawa kila mtu auze na anunue bila kuulizwa ukoo, na ugomvi ukizuka uletwe kwao kabla haujafika kwa vijana wenye bunduki. Soko lilipotulia, wakawafuata wazee. Walianza na wazee wa ukoo mdogo kabisa, wasio na nguvu ya kutisha mtu, wakawaomba wawaite wenzao wa koo kubwa. Mazungumzo hayo yalizaa Azimio la Al-Fatah la Septemba 1993, ambamo wazee walikubaliana jinsi ya kurudisha amani na ya kushughulikia mauaji na wizi wa mifugo. Mwaka 1995 juhudi hizo zikawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano wake ukaigwa mikoa mingine. Mwaka 2001 likafuata Azimio la Modogashe kuhusu malisho, maji na silaha. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki Julai 2011.

Ugatuzi ulipokuja 2013, ukileta mabilioni ya shilingi na kiti cha gavana, wazee waliozoea kugawana visima waligeukia kugawana vyeo. Huyu achukue ugavana, yule useneta, ukoo ule mbunge, na wadi hivyo hivyo. Wakaiita demokrasia ya makubaliano. Hoja yake si ya kudharauliwa: mji uliozika watu kwa sababu ya kiti cha bunge una haki ya kutafuta njia ya kukigawa bila damu.

Tatizo lilijitokeza Mandera. Baraza la wazee wa ukoo wa Garre lilipanga safu yake mwaka 2013, na Ali Roba akawa gavana wa kwanza. Koo nyingine, Degodia na Murule zikiwemo, zikalalamika kuwa zimeachwa nje ya meza. Miezi michache baadaye mapigano ya Garre na Degodia yaliwang'oa maelfu ya watu makwao. Kisha 2016 baraza likaamuru kuwa waliochaguliwa wametumikia muhula wao, wawaachie wengine. Seneta Billow Kerrow alitii, hakugombea. Roba alikataa. Wazee wakambariki Hassan Noor Hassan, aliyewahi kuwa mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa, akasimama kwa tiketi ya chama cha EFP. Roba, aliyepandishwa na wazee hao hao, sasa aliwaambia kuwa aliyempa kazi ni mpiga kura, na ndiye pekee wa kumfukuza.

Agosti 2017 Mandera ilijibu kwa namna ambayo wachambuzi wa Nairobi hawakuielewa vizuri. Roba akashinda kwa tiketi ya Jubilee, huku EFP ikizoa viti kadhaa vya bunge katika kaunti hiyo hiyo. Mpiga kura mmoja, siku moja, aliweza kuwatii wazee kwenye karatasi moja na kuwakaidi kwenye nyingine. Roba alimaliza mihula yake miwili, akawa seneta 2022, na Mohamed Adan Khalif akarithi ugavana.

Garissa nayo imeona nguvu ya makubaliano. Seneta Yusuf Haji alipofariki Februari 2021, mwanawe Abdul Haji alipita bila kupingwa, na uchaguzi mdogo haukuhitajika.

Mimi sitaki mabaraza yavunjwe. Lakini gazeti linalomuunga mkono mgombea huchapisha sababu zake, na msomaji anaweza kuziraruararua. Baraza hutangaza jina, likapigiwa dua, na mjadala ukafungwa. Ilikuwaje huyu akapita na yule akaachwa? Nani alilipa gharama za mkutano? Ukoo mdogo ulipewa nini? Watu wa kaunti hizi wanastahili majibu hayo kwa maandishi, yakiwa na saini.

Linaloniuma zaidi ni hao mama wa soko la Wajir. Mabaraza yaliyokua kutokana na kazi yao huketi wanaume watupu, na wanawake huitwa baadaye kuja kupiga vigelegele. Sophia Abdi Noor alilazimika kupigana miaka mingi kabla ya Ijara kumchagua 2017, mwanamke wa kwanza kushinda eneobunge katika Kaskazini Mashariki nzima. Mwaka 2022 kiti hicho kikarudi kwa mwanamume. Ugavana haujawahi kushikwa na mwanamke katika kaunti yoyote kati ya hizo tatu.