Mirathi ya daktari Turkana: mali moja, sheria mbili

Daktari aliyejenga Nawoitorong, karibu na mji wa Lodwar, huku jamaa zake wakimchungia mbuzi na ngamia, ana mali inayoweza kugawanywa kwa sheria mbili akifariki bila kuacha wosia. Fedha zilizoko benki, gari na nyumba ya mjini hufuata Sheria ya Urithi (Sura ya 160), iliyoanza kutumika nchini Kenya Julai 1, 1981. Mifugo na mashamba ya kilimo havimo. Kifungu cha 32 kiliviondoa katika wilaya kadhaa za wafugaji, Turkana ikiwemo, na kifungu cha 33 kikaviacha kwa mila za jamii ya marehemu. Hivyo mjane aweza kuidai nyumba mahakamani kwa sheria iliyoandikwa, ilhali hatima ya ngamia waliolipia karo ya wanawe inategemea mila.

Wosia huondoa mgawanyiko huo, kwa kuwa unaweza kutaja mali yote, mifugo pamoja. Ule wa maandishi huhitaji mashahidi wawili au zaidi, na ni busara wasiwe warithi. Wa mdomo nao hukubaliwa mbele ya mashahidi wawili, mradi aliyeutoa afariki katika miezi 3. Akiishi zaidi, hauna nguvu. Daktari, anayeandika kila mara sababu za vifo vya wengine, hana udhuru wa kuuahirisha wake.

Mafao ya mpango wa kustaafu si sehemu ya mirathi. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mpango, kwa hivyo fomu ya kuwataja wanufaika ijazwe upya baada ya ndoa au uzazi.