Sufu ya Madina, Ukili wa Unguja



Wiki mbili kabla ya Ramadhani alikuja bi harusi mtarajiwa kujaribu nguo yake. Alifuatana na dada yake mkubwa mwenye mtoto wa miaka minne, na mtoto alipewa simu tangu mlangoni. Nikamkatia vipande vya kitambaa, nikampa na vifungo vikubwa avipange kwa rangi. Simu akaiacha mwenyewe, akakaa chini ya meza ya kukatia mpaka tukamaliza. Mama yake akacheka: "Haya mambo ya kukaa na watoto na kuwatengenezea vitu ni ya Wazungu, dada. Sisi hatukulelewa hivyo."

Nilikuwa na pini mdomoni, sikujibu. Leo namjibu, kwa sababu najua si yeye peke yake anayefikiri hivyo. Wengi wetu tunaona kazi za mikono, kuoka na kucheza na watoto nyumbani ni jambo jipya lililokuja na simu, linalotaka karatasi za rangi na vifaa vya kununua dukani. Ukirudi nyuma katika historia yetu, ya dini na ya visiwa hivi, utakuta mama zetu walianza zamani sana.

Tuanze Madina. Katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim imo habari ya sahaba wa kike, Rubayyi bint Mu'awwidh, Allah amridhie. Anaeleza namna walivyofunga siku ya Ashura na kuwafungisha watoto wao wadogo. Mama wa Madina waliwatengenezea watoto wanasesere wa sufu. Mtoto akilia njaa, alipewa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu ufike. Hebu tafakari hapo. Hakupigwa wala hakuambiwa anyamaze tu. Mama alikaa na sufu yake, akafikiria mtoto anapenda nini, akakitengeneza kwa mkono wake, na kwa njia hiyo akamfundisha ibada ya subira.

Imo pia habari ya Bibi Aisha, Allah amridhie, aliyekuwa akicheza na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (SAW). Wenzake walipomuona Mtume akiingia walijificha kwa haya, naye akiwarudisha wakacheze naye. Basi mchezo wa mtoto haukuonekana upuuzi hata katika nyumba ile.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu Unguja na Pemba. Hapa mama hakuwa na sufu, alikuwa na miyaa. Makuti machanga ya mkindu yalikatwa, yakachanwa, yakaanikwa, mengine yakachemshwa na rangi. Kisha yakasukwa kuwa ukanda mrefu mwembamba, ndio ukili, na ukili ukaunganishwa kwa sindano mpaka ukawa mkeka au mswala. Kwa kazi hiyo hiyo ya kusuka zilipatikana kawa za kufunikia chakula, vipepeo na vikapu.

Mtoto wa kike alianza kushika miyaa akiwa mdogo. Hakupewa mkeka mzima. Alipewa miyaa michache, akakaa ubavuni mwa bibi yake barazani, akawa anatazama vidole na kuiga. Alikuwa anajifunza nini? Kuhesabu, kwa sababu ukiruka mwaa mmoja mchoro wote unaharibika. Kutambua rangi na mpangilio, wekundu mara mbili, weupe mara moja, rudia. Kufumua alipokosea na kuanza tena bila kulia. Na kukaa na watu wazima, akisikia mazungumzo yao na adabu zao. Walimu wa chekechea wa leo wanayapa mambo haya majina makubwa. Bibi zetu hawakuwa na majina hayo, lakini kazi yenyewe waliifanya kila alasiri.

Kofia nazo ni hivyo hivyo. Kofia ya vito tunayoiona vichwani mwa waume zetu siku ya Ijumaa imejaa vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono. Ni kazi ya wiki nyingi, na kwa vizazi vingi mwanamke aliifanya akiwa nyumbani, chungu kikiwa jikoni na watoto wamemzunguka. Mtoto alianza kwa kutunga uzi kwenye sindano, maana macho ya bibi yamechoka na yake ni mapya. Huo ulikuwa mwanzo wangu pia. Bibi yangu alikuwa mshonaji kofia. Niliitwa nimtungie uzi kabla sijaanza skuli, nikapandishwa cheo nikawa nahesabu vito, halafu nikapewa kitambaa chakavu nijaribu. Miaka mingi baadaye nilipoingia kozi ya ushoni, mwalimu aliniuliza nimejifunzia wapi kushika sindano. Nilisema sijajifunza popote. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nasema uongo.

Tuingie jikoni. Methali yetu inasema haba na haba hujaza kibaba, lakini watoto wetu wangapi wanajua kibaba ni nini? Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili, yaani vibaba vinne, ni pishi moja. Hivi ndivyo nafaka ilivyopimwa madukani na majumbani. Mtoto aliyetumwa kupima mchele alikuwa anasoma mara mbili, nusu na robo bila kalamu, na mchele ukimwagika alijua hesabu yake haikukamilika. Na ikaingia dini humo humo. Zakatul fitri ni swaa moja kwa kila mtu, na swaa ni mudi nne. Wazee wetu waliipima kwa pishi. Mtoto alisimama karibu na gunia usiku wa Idd, akahesabu: pishi ya baba, pishi ya mama, pishi yangu, pishi ya mdogo wangu. Akatoka hapo anajua idadi ya watu wa nyumba yao, anajua kugawa kwa nne, na anajua kwamba hakuna kula Idd bila kumkumbuka masikini.

Kuoka nako si mambo ya kuja na jiko la umeme. Mkate wa mofa wa unga wa mtama ulichomwa kwenye tanuri la udongo. Mkate wa kumimina wa mchele na tui uliwekwa juu ya moto, ukafunikwa, na makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, moto juu na moto chini. Vileja vya unga wa mchele, samli na hiliki vilifinyangwa kwa viganja, na viganja vidogo vilikuwa na kazi yake. Mtoto hakuruhusiwa kusogelea makaa, lakini kupepeta unga, kutwanga hiliki na kufinyanga kidonge kimoja baada ya kimoja viwe sawasawa, hayo yalikuwa yake.

Mikono hii haikuwa ya kupitisha wakati tu. Siti binti Saad, tunayemjua wote kwa sauti yake, alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika nyumba ya watu masikini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alichukua vyungu kichwani akavitembeza kuviuza. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilianza kusikika katika kunadi vyungu hivyo, kabla ya kufika Bombay mwaka 1928 na kurekodi santuri. Hakupita skuli. Alipita mikononi mwa mama yake.

Lakini dada zangu, tusidanganyane. Historia hii ina upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimewakosea bibi zetu. Kazi ya mikono ilikuwa mlango, na kwa wengi wao ilikuwa pia ukuta. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaeleza kwamba wasichana walifundishwa kusoma Qur'an, lakini kuandika walinyimwa. Yeye alijifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia kuwa ubao wake, akawa ananakili herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea. Huyu alikuwa binti wa mfalme. Sembuse mtoto wa mfinyanzi?

Sababu waliyoitoa wazee ilikuwa hofu kwamba msichana akijua kuandika ataandika barua kwa wanaume. Watu wakadhani hiyo ndiyo dini. Hali katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Shifa bint Abdullah alimfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume (SAW), kuandika, na Mtume alijua na akataka aendelee kumfundisha na mengine. Kwa hiyo kalamu ya mwanamke ilikuwemo nyumbani kwa Mtume karne nyingi kabla ya sisi kuiogopa.

Hapa Unguja serikali ilifungua skuli ya kwanza ya wasichana mwaka 1927. Wazazi wengi walisita, na miongoni mwa yaliyowatuliza ni kwamba masomo yalikuwa pamoja na dini, kushona na mapishi. Yaani sindano ndiyo iliyoishika kalamu mkono ikaiingiza ndani. Kisha tarehe 23 Septemba 1964 ikatangazwa elimu bila malipo, na watoto wa kike wa mashamba na wa mjini wakaingia darasani pamoja.

Bibi yangu hakuwahi. Nilikuwa darasa la nne alipochukuliwa kwenda kutia saini karatasi ya kiwanja, nami nikafuatana naye. Yule mtu wa ofisini alimsukumia kidau cha wino, akamshika kidole gumba kama mtoto, akakigandamiza kwenye karatasi, na hakumtazama hata usoni. Mwanamke aliyeweza kuhesabu mamia ya vito bila kukosea hata kimoja, aliyejua kugawa pishi kwa macho tu. Njiani alikuwa anafuta kidole kwa ncha ya kanga. Akaniambia, "Wewe soma. Uzi utakungoja."

Nilisoma mpaka sekondari, kisha nikaurudia uzi. Na nakiri, mwanzoni niliona aibu. Maana baada ya skuli kuja, sisi tuliugeuza ule ukuta upande mwengine. Zamani tuliogopa kalamu, sasa tukaidharau sindano. Tukasema kushona na kusuka ni kwa waliofeli. Mkeka wa plastiki ukaingia, barazani tukaweka viti, na mtoto akaambiwa aende akasome, asiguse unga, asishike mkasi. Kizazi kimoja tu kikatosha kutufanya tuamini kwamba kukaa chini na mtoto na kumwonesha kitu kwa mikono ni utamaduni wa watu wengine.

Kwa hiyo wewe bi harusi unayejiandaa, na wewe mama mwenye mtoto wa miaka mitatu au minne, huhitaji kununua kitu. Chukua kikombe kimoja kiwe kibaba chako, mpe mtoto ajaze bakuli kwa vikombe vinne na ahesabu kwa sauti. Siku ya vileja mpe kidonge chake, hata kikitoka kibaya kichomwe pamoja na vingine na aliwe nacho huyo huyo mwenyewe. Mwambie fundi wako akuwekee vipande. Mimi huvitupa mifuko mizima. Kunja kimoja, jaza usufi au vitambaa chakavu, funga shingo kwa uzi, huyo ni mwanasesere. Mfunge mtoto nusu siku ya Ramadhani naye, kama walivyofanya mama wa Madina. Na akimaliza, mpe penseli aandike jina la huyo mwanasesere, herufi moja moja. Hapo ndipo tunapolipa deni la bibi zetu.

Na mtoto wa kiume usimwache nje. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi kijana wako akitunga uzi hajapungukiwa na kitu.

Yule mteja wangu alirudi kuchukua nguo siku tatu kabla ya harusi. Mtoto aliingia moja kwa moja chini ya meza, akatafuta vifungo vyake. Mama yake akaniuliza kama ninavyo vya kuuza. Nikampa bure, nikamwambia, hivi ni vya bibi yako, wewe ulivisahau tu.

Allah atujaalie wana wema wenye mikono yenye baraka na kalamu zenye manufaa, na awarehemu mama zetu waliotangulia. Amin.