Osileta tulivu ndiyo nguzo ya saa ya redio

SAA ya redio ni saa inayojirekebisha yenyewe kwa kupokea mawimbi yanayotangaza wakati rasmi kutoka kituo chenye saa za atomiki.

Barani Ulaya, kituo kinachotegemewa sana kwa kazi hii ni DCF77, kilichoko Mainflingen karibu na mji wa Frankfurt, Ujerumani. Kilianza kurusha mawimbi mwaka wa 1959, na tangu 1973 kimekuwa kikitangaza saa na tarehe kwa ishara. Kinatumia masafa ya kilohezi 77.5 na husikika umbali wa takriban kilomita 2,000.

Kila sekunde inapoanza, nguvu ya mawimbi hayo hupunguzwa hadi kiasi cha asilimia 15. Ikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana yake ni sifuri. Kwa sehemu mbili, maana yake ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika huachwa bila alama ili saa itambue kwamba dakika mpya inaingia.

Hapo ndipo ugumu unapojitokeza. Kelele zikiingia, saa huweza kudhani sifuri ni moja, na dakika nzima ikaharibika. Wanaojiundia saa hizi nyumbani aghalabu hulaumu antena, ilhali chanzo cha kelele huenda kikawa ndani ya kisanduku chenyewe: osileta.

Osileta ni saketi inayozalisha mawimbi yake yenyewe bila kukoma. Katika mpokeaji wa aina inayochanganya mawimbi, ishara dhaifu kutoka kwenye antena hukutanishwa na mawimbi ya osileta ili kupata masafa ya chini ambayo ni rahisi kuyachuja na kuyakuza.

Osileta safi ni kama zumari linaloshikilia sauti moja. Ile yenye kelele huyumbayumba, na nguvu zake kiasi humwagika pembeni mwa masafa yanayotakiwa. Mawimbi mengine yenye nguvu yaliyo karibu, kwa mfano yatokayo kwenye runinga au chaja ya simu, hukutana na kelele hizo za pembeni na kujipenyeza pamoja na ishara ya wakati.

Dawa ya kwanza ni fuwele ya kwatsi. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mnamo 1880 kwamba fuwele za aina hii hutoa umeme zinapobanwa. Saa ya kwanza ya kwatsi iliundwa Marekani mwaka wa 1927. Fuwele hupoteza nguvu kidogo mno inapotetemeka, na ndiyo maana haiyumbi kama saketi ya koili na kapasita.

Fuwele ifaayo ni ile ya megahezi 4.194304, ambayo hutumika sana katika saa. Mawimbi yake yakigawanywa kwa 64, hupatikana hezi 65,536. Yakichanganywa na kilohezi 77.5 za kituo, tofauti inayosalia ni hezi 11,964, na hiyo ndiyo ya kuchujwa. Yakiendelea kugawanywa kwa mbili hadi mara 22, hupatikana pigo moja kwa sekunde. Hivyo basi, fuwele moja hufanya kazi mbili.

Isitoshe, kugawanya kwa 64 hupunguza kelele za kuyumba kwa takriban desibeli 36, mradi kigawanyi chenyewe kisiongeze zake.

Saketi ya osileta huhitaji transista moja, fuwele, rezista chache na kapasita mbili za aina ya C0G, ambazo hazibadiliki sana kwa joto. Fuwele isilishwe nguvu kupita kiasi, kwani hupata moto na kuhama masafa. Ikilishwa kidogo mno, ishara yake humezwa na kelele. Transista ya pili huwekwa kati ya osileta na kigawanyi ili kuikinga osileta dhidi ya mishtuko.

Umeme nao uwe mtulivu. Chaja za kisasa hutoa kelele nyingi katika masafa haya haya, hivyo betri ni bora. Palipo lazima kutumia umeme wa nyumbani, rezista ndogo na kapasita kubwa kabla ya osileta husaidia kuusafisha.

Vigawanyi navyo vina hila. Hatua inayotoa hezi 4,096 huzalisha pia mawimbi ya mara 19, yaani hezi 77,824, ambayo yako hezi 324 tu kutoka kwa kituo. Kwa sababu hiyo, osileta na vigawanyi hufungiwa ndani ya kisanduku cha bati, na antena ya feriti huwekwa mbali navyo.

Ili kuipima kazi, redio ya masafa mafupi yenye uwezo wa SSB huelekezwa kwenye megahezi 4.194. Mluzi laini usiotetemeka ni dalili njema. Mluzi wenye mkwaruzo huashiria umeme mchafu au kiungo kilicholehemiwa vibaya.

Fuwele ya kawaida ikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, saa hupotoka kwa sekunde 1.7 kila siku. Ishara ikipokewa barabara hata mara moja usiku, kosa hilo hufutwa.

Nchini Kenya, mawimbi ya Mainflingen hayategemeki kwa sababu ya umbali. Mtengenezaji wa huku hupata wakati kutoka kwa setilaiti za GPS badala yake. Hata hivyo, ishara ya setilaiti inapokatika, saa hubaki mikononi mwa osileta yake, na kanuni zile zile za fuwele bora, umeme safi na kinga dhidi ya joto ndizo huamua itapotoka kwa kiasi gani.