Meli ya Anga Isiyofika Makonde

Asubuhi ya 21 Novemba 1917, meli ya anga ya Wajerumani L59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Jamboli, Bulgaria, kuelekea uwanda wa juu wa Makonde, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo. Haikupangiwa kurudi. Ilibeba bombomu 30, risasi zaidi ya laki tatu, magunia 61 ya dawa na bandeji, hata vifaa vya kushonea. Ikishatua, kitambaa chake kingekatwa mahema na ngozi ya njia zake za ndani ingekuwa soli za viatu.

Aliyekusudiwa kupokea shehena hiyo, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa amebanwa. Waingereza walimsukuma kutoka Lindi na Kilwa, na njia ya Ndanda hadi Masasi ilishageuka uwanja wa vita. Huko Nambindinga alichagua askari wapatao 2,000 wenye afya, akawaacha wagonjwa na majeruhi, kisha akashika njia ya Kitangari na Newala kuelekea mto Ruvuma. Uwandani maji ni shida: Newala iko juu, chemchemi ziko bondeni. Jeshi lilipopita, kila mtungi na kila ghala la mtama lilikuwa mawindo. Vita hivyo viliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili, wengi kwa njaa na maradhi, na hesabu hiyo ndiyo inayostahili kukumbukwa kabla ya sifa za majemadari.

Berlin ilipopata habari kwamba mahali pa kutua pameangukia mikononi mwa Waingereza, iliamua kuirudisha L59. Lakini jenereta ya redio ya meli hiyo ilizungushwa na injini moja, na injini hiyo ilikuwa imeharibika juu ya jangwa. Nahodha Ludwig Bockholt aliweza kusikia, kujibu hakuweza. Usiku wa kuamkia 23 Novemba, magharibi ya Khartoum, amri ya kurudi ilimfikia.

Kilichoikamata amri hiyo angani ni koili na kapasita zilizorekebishwa zitikisike kwa wimbi moja na kuyapuuza mengine. Fizikia bado inauchunguza mtikisiko wa aina hiyo. Mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliufanya mvuke wa stronti upitishe mwanga ambao kwa kawaida huumeza, kwa kuumulika kwa leza ya pili. Mwaka 2008, wengine waliiga tukio hilo kwa metamata, yaani vipande vya metali vilivyo vidogo kuliko wimbi lenyewe. Pete yenye mwanya, kipande maarufu cha fani hiyo, ni saketi ya redio iliyofinywa: duara ni koili, mwanya ni kapasita. Katika mwigo huo, kipande kimoja hupokea wimbi, cha pili hutikiswa na jirani yake tu. Mitikisiko hiyo miwili inapopingana, wimbi hupenya pale ambapo lingemezwa.

L59 ilitua Jamboli asubuhi ya 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na kilomita karibu 6,800. Siku hiyo hiyo Lettow alivuka Ruvuma, akaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, akajipatia humo bunduki na risasi ambazo Berlin ilishindwa kumfikishia.